Kompyuta haiongezi mshiko wa tairi

Leo naomba ruhusa nitoke kidogo kwenye mambo ya simu, seva na lugha za programu, niingie barabarani. Msihofu, bado tuko kwenye teknolojia. Gari la michezo la kisasa ni kompyuta kadhaa zilizofungwa juu ya magurudumu manne, na programu zilizomo humo ni miongoni mwa programu zinazonivutia sana, kwa sababu zikikosea haziandiki tu ujumbe mwekundu kwenye skrini. Mtu anaweza kufa.

Kuna mjadala ambao hauishi kila wapenda magari wanapokutana. Kundi la kwanza husema: dereva kamili huzima vifaa vyote vya kumsaidia, hasa ule mfumo wa kuzuia magurudumu ya nyuma kuteleza, ambao wengi wetu tunauita TC. Kundi la pili husema: kwa nini ujisumbue, gari la siku hizi lina kompyuta, kanyaga mafuta hadi sakafuni nalo litajirekebisha lenyewe. Kwa maoni yangu makundi haya mawili yanapotea njia kwa sababu moja. Yote mawili yanadhani kompyuta ndiyo inayolishika gari barabarani. La hasha. Kinacholishika ni mpira.

Twende hatua kwa hatua.

Tairi lina bajeti

Sehemu ya tairi inayogusa lami kwa wakati wowote ni ndogo, karibu ukubwa wa kiganja cha mtu mzima. Gari zima linategemea viganja vinne tu. Katika gari linalosukumwa na magurudumu ya nyuma, viganja viwili vya nyuma vina kazi mbili kwa pamoja: kulisukuma gari mbele, na kulizuia lisitoke nje ya kona.

Kazi hizi mbili zinalipwa kutoka mfuko mmoja. Hesabu yake ni ile ya Pythagoras tuliyofundishwa shuleni. Tuseme tairi lina uwezo wa jumla wa 1.0. Ukiwa kwenye kona unatumia 0.6 kwa ajili ya kukata kona, umebakiwa na 0.8 ya kuongeza mwendo. Hiyo ni nyingi. Lakini ukitumia 0.9 kwenye kona, unabakiwa na takriban 0.44 tu. Na ukitumia 1.0 yote, umebakiwa na sifuri. Hapo hata ukigusa mafuta kidogo tu, deni linaingia, na deni hilo hulipwa kwa gari kutupa mkia.

Angalieni jambo moja katika hesabu hiyo. Kutoka 0.6 hadi 0.9 kwenye kona ni ongezeko la nusu tu, lakini nafasi ya mafuta imepungua karibu nusu. Ndiyo maana dereva anayekaribia kikomo huhisi kila kitu kiko sawa, kiko sawa, kiko sawa, halafu ghafla hakiko sawa.

Injini kubwa kuliko mpira

Sasa tuweke injini. Nitachukua Porsche Carrera GT, gari lililoanza kuuzwa mwaka wa 2003 na ambalo yalitengenezwa 1,270 tu. Injini yake ni ya V10 yenye lita 5.7 na nguvu za farasi 612, yaani kilowati 450. Uzito wake ni kama kilo 1,380, na magurudumu yanayosukuma ni ya nyuma peke yake.

Nimepiga hesabu ya haraka. Ukiwa kwenye mwendo wa kilomita 100 kwa saa, na gia ikaruhusu injini itoe nguvu zake zote, nguvu ya kusukuma ni kilowati 450 gawanya kwa mita 27.8 kwa sekunde. Hiyo ni kama nyutoni 16,000. Toa zinazopotea kwenye gia na difu, ubaki na kama 13,800. Uzito wote wa gari pamoja na dereva ni takriban nyutoni 14,300. Hata tukisema asilimia 70 ya uzito huo imehamia nyuma kwa sababu gari linaongeza mwendo, matairi ya nyuma yanaweza kupokea kama nyutoni 10,000 kwenye lami kavu, tena barabara ikiwa imenyooka.

Kwa hiyo mguu wa dereva unaweza kuagiza asilimia 38 zaidi ya kile ambacho mpira unaweza kulipa, kwenye mwendo wa kilomita 100, bila kona, bila mvua. Sisi wanaprogramu tungesema mtumiaji amepewa kisanduku cha kuandika namba bila kikomo, na nyuma yake kuna benki isiyo na pesa hizo.

Kanyagio moja, kazi mbili

Kuna jambo lingine ambalo wengi hawalijui. Kanyagio la mafuta halitumii mshiko wa nyuma tu. Linauongeza na kuupunguza pia. Ukikanyaga polepole, uzito wa gari huegemea nyuma, na matairi ya nyuma hukandamizwa zaidi kwenye lami na kushika vizuri. Ukiachilia ghafla, uzito hukimbilia mbele, na matairi ya nyuma hubaki mepesi.

Porsche 911 Turbo ya kwanza, ile ijulikanayo kama 930, ilitoa somo hili kwa bei ghali. Ilioneshwa Paris mwaka wa 1974 na kuanza kuuzwa 1975, ikiwa na nguvu za farasi 260, na kuanzia 1978 nguvu 300. Injini yake iko nyuma ya ekseli ya nyuma. Turbo yake ilikuwa ya kuchelewa: unakanyaga, hakuna kitu, unasubiri, halafu nguvu zote zinafika kwa pamoja. Kama zimefika ukiwa katikati ya kona, bajeti imepasuka. Dereva anaogopa, anaachilia mafuta ghafla. Uzito unakimbilia mbele, matairi ya nyuma yanakuwa mepesi, na ile injini nzito iliyoko nyuma inataka kuendelea moja kwa moja. Gari linageuka kama mkia wa samaki. Waingereza na Wamarekani waliliita gari hilo jina la kutisha, mtengeneza wajane.

Dereva wa 930 aliadhibiwa mara mbili, kwa kukanyaga na kwa kuachilia. Kwa hiyo dawa si ushujaa, wala si woga. Dawa ni utaratibu. Mwenda pole hajikwai, na hapa sizungumzii mwendo wa gari bali mwendo wa mguu.

Programu inafanya nini hasa?

Kila gurudumu lina kihisio kinachopima kasi yake. Kompyuta inalinganisha magurudumu ya nyuma na ya mbele. Ikiwa ya mbele yanasema kilomita 100 kwa saa na ya nyuma yanazunguka kama vile ni 110, basi mtelezo ni asilimia 10. Hapa kuna jambo la kushangaza kidogo: tairi halishiki vizuri kabisa likiwa na mtelezo wa sifuri. Linahitaji kuteleza kidogo. Mshiko wa juu kabisa hupatikana kwenye mtelezo wa kama asilimia 10 hadi 15, ukitegemea tairi na lami. Ukipita hapo mshiko unashuka, gurudumu linazidi kuzunguka bure, na linapozunguka bure haliwezi kukata kona pia.

Ukitaka kuuandika moyo wa mfumo huu kwa Kiswahili, ni mistari michache:

rudia milele:
  mtelezo = (kasi_nyuma - kasi_mbele) / kasi_mbele
  kama mtelezo > kikomo: punguza nguvu
  la sivyo: rudisha nguvu kidogo kidogo

Kazi ngumu imo kwenye yale maneno "punguza nguvu". Kompyuta inaweza kuchelewesha cheche za plagi, na hiyo ni haraka sana. Inaweza kukata petroli kwenye silinda moja moja. Inaweza kufunga mlango wa hewa wa injini, na hiyo ni polepole zaidi. Inaweza pia kubana breki ya gurudumu moja. Bosch waliingiza breki za ABS kwenye magari ya Mercedes mwaka wa 1978, kisha mfumo wa kuzuia magurudumu kuzunguka bure ukafuata mwaka wa 1987. Mwaka wa 1995 ukaja ESP, ambao ulikuwa hatua kubwa zaidi.

Tofauti ya TC na ESP ni muhimu. TC inaangalia kama magurudumu yanazunguka bure. ESP inauliza swali jingine: dereva ameelekeza usukani wapi, na gari linaelekea wapi kweli? Ikiona mkia unatupwa nje, inabana breki ya gurudumu la mbele la upande wa nje wa kona, na gari linavutwa kurudi kwenye mstari. Hakuna binadamu anayeweza kubana breki ya gurudumu moja peke yake. Miguu yetu haitoshi. Marekani imelazimisha mfumo huu kwa magari madogo yote mapya tangu modeli za mwaka wa 2012, na Ulaya kwa magari yote mapya tangu Novemba 2014. Naunga mkono sheria hizo kwa mikono yote miwili.

Sasa nawageukia wa kundi la pili

Ninyi mnaosema kompyuta itarekebisha, pigeni hesabu hii. Kuna kona yenye nusu kipenyo cha mita 50. Lami ikiwa kavu na matairi mazuri yenye uwezo wa 1.0, gari linaweza kupita kwa kilomita 80 kwa saa hivi, bila kubakiza kitu. Mvua ikinyesha na uwezo ukashuka hadi 0.5, kikomo kinakuwa kama kilomita 56 kwa saa.

Ukiingia kona hiyo kwenye mvua kwa kilomita 80, unaudai mpira mara mbili ya ulichonacho. Hakuna mstari wa programu, hakuna sasisho, hakuna Bosch wala Ferrari, anayeweza kuleta ile nusu inayokosekana. ESP itabana hapa na pale, itapunguza mwendo kidogo, pengine utatoka barabarani ukiwa umetazama mbele badala ya kutazama nyuma. Hiyo ndiyo huduma yake ya mwisho. Programu ni mhasibu. Inagawanya vizuri kilichopo, lakini haichapishi pesa.

Na wa kundi la kwanza

Ninyi mnaosema dereva kamili huzima kila kitu, najua mfano mnaoupenda. Magari ya Formula 1 hayana TC. Ni kweli, na historia yake ni tamu kwa mtu wa programu. TC ilipigwa marufuku baada ya msimu wa 1993. Mwaka wa 1994 programu ya timu ya Benetton ilichunguzwa, na ndani yake ikakutwa sehemu ya kulisaidia gari kuondoka kwenye mstari wa kuanzia, imejificha kwenye menyu mahali ambapo mtu wa kawaida asingeiona. FIA haikupata ushahidi kwamba ilitumika kwenye mashindano. Lakini funzo lilikuwa wazi: huwezi kukataza programu usiyoweza kuiona. Mwaka wa 2001, kuanzia mashindano ya Hispania, wakairuhusu tena. Iliondolewa mwaka wa 2008 pale timu zote zilipolazimishwa kutumia kompyuta ya aina moja iliyotengenezwa na McLaren Electronic Systems.

Sasa angalieni tofauti. Dereva yule ana matairi mapya. Ana wahandisi wanaosoma joto na shinikizo la upepo wa matairi hayo kila mzunguko. Anaijua kila kona. Akikosea kuna nafasi ya changarawe na ukuta ulioundwa kumpokea. Na hakuna matatu inayokuja kutoka upande wa pili. Wewe ukizima TC kwenye barabara ya watu, umechukua sehemu moja tu ya maisha yake, ile ya hatari, ukaacha zote zinazomlinda.

Tairi la miaka tisa

Tarehe 30 Novemba 2013, mwigizaji Paul Walker alifariki kule Santa Clarita, California, akiwa abiria kwenye Carrera GT ya modeli ya 2005. Dereva naye alifariki. Uchunguzi wa maafisa uliotolewa Machi 2014 ulisema chanzo kilikuwa mwendo usio salama: kati ya kilomita 130 na 150 kwa saa hivi, mahali ambapo kikomo ni kama 72. Hawakukuta hitilafu ya mitambo. Lakini walitaja pia kwamba matairi yalikuwa na umri wa miaka tisa.

Carrera GT ilikuwa na TC. Haikuwa na ESP. Watu walibishana sana juu ya hilo, na mimi sitasema ESP ingewaokoa. Ninachosema ni kwamba yale matairi hayajadiliwi inavyostahili. Mpira unazeeka hata gari likiwa limeegeshwa chini ya turubai. Unakauka na kuwa mgumu, na mpira mgumu haushiki. Mistari yake inaweza kuwa mirefu kama ya tairi jipya, macho yakadanganyika. Magari ya michezo ndiyo yanayoathirika zaidi, kwa sababu hayaendeshwi sana. Matairi yake hayaishi kwa kutembea, yanaisha kwa kukaa.

Na programu ya TC haijui umri wa tairi. Imepimwa na watengenezaji kwa matairi mapya ya aina fulani. Ukiweka mengine, inaendelea kufanya hesabu zilezile kwa namba ambazo si za kweli tena. Sisi tunajua kinachotokea ukiipa programu nzuri data mbovu.

Maoni yangu hasa

Hapa ndipo ningetaka tubishane. Tatizo langu kubwa na mifumo hii ni kwamba mingi inaokoa kimyakimya. Dereva anakanyaga vibaya, kompyuta inapunguza nguvu, taa ndogo ya njano inamulika kwenye dashibodi kwa sekunde moja, basi. Dereva anatoka kwenye kona akijiona bingwa. Ni sawa na programu inayomeza makosa yote bila kuyaandika popote. Inaonekana imara, hadi siku inapoanguka, na siku hiyo hakuna anayejua ilianza lini kuugua.

Ile taa ya njano ni ujumbe wa kosa. Maana yake ni: bajeti imeisha, nimekulipia mimi. Ikimulika mara moja kwa mwezi kwenye matope, sawa. Ikimulika kila kona, basi tatizo ni mguu wako au matairi yako. Ningependa watengenezaji waihesabu, wamwoneshe dereva mwisho wa safari: leo nimekuokoa mara kumi na moja, mara tisa ulikanyaga mapema kabla usukani haujanyooka. Data hiyo tayari imo ndani ya gari. Kwa nini tunafichwa?

Pia sipendi swichi yenye hatua mbili tu, kuwasha na kuzima. Mercedes-AMG GT R ya mwaka wa 2017 ilikuja na kitufe cha kuzungusha chenye hatua tisa za TC. BMW nao wakafuata njia hiyo kwenye M3 na M4, hatua kumi. Huo ndio ubunifu ninaousifu. Dereva aliye kwenye uwanja wa mbio anaweza kupunguza msaada hatua moja, akasikia matairi ya nyuma yakilia kidogo, akajifunza, akapunguza tena. Anajifunza akiwa na mtu anayemshika mkono. Ukizima yote kwa mara moja umemtupa mtoto kisimani ili ajue kuogelea.

Mnaweza kusema, wewe unatuambia habari za Porsche na hapa Kenya tunaendesha nini? Basi tazameni Toyota Mark X zilivyojaa Nairobi. Injini ya V6, nguvu za farasi zaidi ya 200, na nyingi zinasukumwa na magurudumu ya nyuma. Fizikia ni ileile. Nyingi zimenunuliwa mitumba, na wengine huzivalisha tairi za mitumba pia. Mvua ya kwanza ikinyesha baada ya kiangazi, lami ikiwa na mafuta na vumbi juu yake, ile bajeti tuliyoihesabu inakatwa bila taarifa.

Kwa hiyo, kabla ya kubishana tena kuhusu kitufe, shuka kwenye gari uende nyuma. Tafuta kwenye ubavu wa tairi ile namba ya tarakimu nne mwishoni mwa herufi za DOT. Ikiwa ni 2319, tairi lilitengenezwa wiki ya 23 ya mwaka wa 2019. Pima upepo tairi likiwa baridi. Usiweke matairi makuukuu nyuma na mapya mbele kwenye gari linalosukumwa nyuma. Kwa dakika kadhaa za mwanzo wa safari, mpira ukiwa bado baridi, mguu uwe mpole. Nyoosha usukani kwanza, ndipo uongeze mafuta, kana kwamba kuna uzi umefungwa kutoka usukani hadi kidole gumba cha mguu. Usipoziba ufa utajenga ukuta, na ukuta wenyewe waweza kuwa ule utakaougonga.

Acha TC ikiwa imewashwa barabarani. Lakini endesha kana kwamba haipo, na ile taa ikimulika, isome.

Hayo ndiyo yangu. Ninyi mwaonaje? Wiki ijayo tutarudi kwenye seva zetu, Mungu akipenda.